Mtunza Vifaa Aliyekwenda Kuuliza

Mtunza Vifaa akiwa anafua jezi hasalimiwi. Nililijua hilo wiki ya kwanza nilipohamia Majengo na meza yangu ya kushonea viatu, kwa sababu nilimsalimia. Alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imezama hadi viwiko, nami kwa adabu zangu za kwetu Chemba nikamwambia shikamoo. Akaendelea kusuuza. Nikarudia. Akainua kichwa, akasema, "Tisa," akainama tena. Nikajua huyu mzee ana ugonjwa. Kumbe alikuwa anahesabu. Kila jezi aliisuuza mara kumi na mbili, wala hakuwahi kupunguza, na mimi nilikuwa nimemkatiza kwenye ya tisa.

Maji yetu ya visima ndiyo yalimfanya hivyo. Mtu wa Dodoma anajua. Ukifulia nguo nyeupe maji yale ya chumvi, mwaka haujaisha imeshakuwa rangi ya jino la mvuta tumbaku. Jezi za timu yetu zilikuwa nyekundu kama udongo wa huku, na mistari myeupe mabegani. Kwa ajili ya ile mistari alikuwa na pipa la maji ya mvua lenye kufuli. Mkewe hakuwa na ruhusa ya kulichotea hata kikombe cha chai. Yule mama alikuwa akituambia waziwazi kwamba yeye ni mke wa pili, mke mkubwa ni jezi. Lakini nimeona kwa macho yangu, jirani alipojifungua mwezi wa tisa, bomba limekauka mtaa mzima, yeye mwenyewe akafungua ile kufuli, akambebea maji ndoo mbili, tena mechi ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ile mistari ilikuwa ya njano. Hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Ngoja niseme kwanza hiyo timu ilikuwa timu gani, maana wageni siku hizi ni wengi mjini, wamekuja na wizara zao na vyuo vyao, ukiwaambia timu yetu wanakuonyesha nyingine. Ndiyo, mpira upo. Zipo timu zenye ofisi nyuma yake, zinacheza vizuri, na mimi huenda kuzitazama. Hii yetu ilikuwa ya watu. Wauza karanga, wauza mtama, makuli wa soko, mafundi kama mimi. Tulikuwa na kadi za uanachama za karatasi ngumu. Ilifika ligi kuu, ikakaa huko misimu kadhaa, haikuchukua kombe lolote, na hakuna kitu nilichowahi kukipenda namna ile isipokuwa mke wangu, naye akinisikia atasema naongopa.

Mimi nilishona njumu za wachezaji. Ndivyo nilivyomjua Mtunza Vifaa. Alikuwa akiniletea gunia zima Jumatatu, anaketi kwenye kigoda changu cha wateja, haondoki mpaka nimalize. Ananizidi miaka kama minane. Yeye Mgogo, mimi Msandawe, basi ilikuwa kutaniana tu. Alisema lugha yangu ni ya mtu anayevunja kuni kwa ulimi. Mimi nikamwambia yake ni ya mtu anayeita ng'ombe hata akiwa kitandani. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kumwita kwalo, wala yeye hajawahi kuniita langu. Mimi Fundi, yeye Mtunza. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Ukimwuliza jambo asilotaka kulijibu, alikuwa na neno lake: "Hilo siyo swali la mpira." Umri wake, siyo swali la mpira. Kwa nini hali nyama ya mbuzi, siyo swali la mpira. Siku moja mchungaji wake alimwuliza kwa nini anaimba besi kwa nguvu kanisani Jumapili asubuhi, halafu jioni anamtukana refa kwa Kigogo hadi mama wauza uji wanaziba masikio. Mchungaji mwenyewe alijibiwa hivyohivyo.

Na katika miaka yote ile hakuwahi kuona penalti. Ikitolewa penalti, yetu au ya wageni, anageuka, anautazama ukuta. Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja asiyeona, kutoka Buigiri, aliyekuwa akija karibu kila mechi, anaketi nyuma ya benchi letu, na Mtunza ndiye aliyekuwa akimsimulia mpira. Winga anakwenda, kapiga, kipa kadaka. Anasimulia vizuri kuliko redio. Ikifika penalti, Mtunza kageukia ukuta, anamshika mwalimu mkono anamwuliza, "Imeingia?" Na yule mwalimu asiyeona anasikiliza uwanja, anamjibu, "Imegonga mwamba." Hakuwahi kukosea. Tulikuwa tunacheka mpaka tunaumwa mbavu, wao wenyewe hawacheki.

Alikuwa mchoyo wa jezi. Winga wetu wa zamani alipofariki, familia ilikuja kuomba azikwe na jezi yake, namba kumi na moja. Mtunza aliwaambia hapana, jezi ni ya timu, mchezaji huvaa tu. Tulimchukia siku mbili nzima. Siku ya maziko tukamwona anakuja na bahasha ya kaki kifuani. Akaingia ndani kwa wafiwa, akatoka bila bahasha. Tangu hapo kwenye lile gunia namba zilikuwa zinaruka kutoka kumi hadi kumi na mbili, na kiongozi akiuliza anaambiwa imechukuliwa na upepo. Upepo wa Dodoma unachukua mengi, hakuna aliyebisha.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha hapa, maana nikiachiwa nitasimulia jezi mpaka kesho.

Timu ilituishia mikononi kwa njaa. Wachezaji wanalala wanane chumba kimoja, wanakula ugali na mlenda siku tano mfululizo, na si kwamba mlenda ni kitu kibaya, lakini mtu wa pwani hawezi kukimbia na mlenda. Ndipo wakaja mabwana kutoka mji mwingine, wamevaa vizuri, wanaongea taratibu. Wakasema: ninyi mna nafasi kwenye ligi na hamna nguvu, sisi tuna nguvu na hatuna nafasi. Tupeni timu tukae nayo kule kwetu, mkijipanga tutaongea. Klabu ilikuwa na wadhamini watatu. Mwenyekiti, Katibu, na wa tatu Mtunza Vifaa, kwa sababu alikuwa mwanachama wa siku nyingi kuliko wote. Wakatia sahihi.

Ili uelewe kwa nini walisaini, ujue kwanza wafugaji wa huku wanavyofanya. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Anampelekea rafiki yake wa mbali wawili, watatu. Rafiki anakunywa maziwa, samadi ni yake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe na ndama ni wa mwenyewe. Ukame ukipita, unakwenda kuwachukua. Hakuna karatasi. Anayekana ng'ombe wa watu hapati mtu wa kunywa naye pombe maisha yake yote. Wale wazee watatu walisikia neno tukae nayo, wakaelewa walivyolelewa kuelewa. Walidhani wamepeleka ng'ombe malishoni. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita.

Na Mtunza akawa anakwenda kuwakagua. Sitanii. Msimu ukiisha, anapanda basi, anakwenda kule, anatazama wachezaji, anatazama jezi zimefuliwaje, anarudi ananiambia, "Wamenenepa, Fundi." Mwaka wa kwanza walimpokea na soda. Mwaka wa pili hawakumpa soda. Mwaka wa tatu alikuta timu ina jina jingine, jezi za bluu, na askari wa getini akamtaka tiketi. Akamwambia askari kwamba mwenye ng'ombe halipi tiketi. Akapelekwa ofisini, akaonyeshwa karatasi yenye sahihi yake mwenyewe, kijana wa ofisi akamsomea kwa Kiswahili, kwa heshima tu, neno kwa neno. Tumeuza, na hatuna dai lolote, sisi na watakaokuja baada yetu.

Alinisimulia haya hapo kwenye kigoda. Hakulia. Alisema tu, "Nimesaini kwa mkono huu," akauweka ule mkono juu ya meza yangu kati ya misumari na gundi, kama kiatu alicholeta kutengenezwa. Mwenyekiti na Katibu walifariki hawajajua. Alinikataza kuwaambia.

Miaka ikapita. Mji ukakua, barabara zikapanuka, kule Msalato wakaanza uwanja wa ndege. Ndipo akaja Mwekezaji. Mtu mwema, nasema kweli, mkamuaji wa mafuta ya alizeti, kazaliwa huku na anaupenda mpira. Akaita mkutano ukumbini akatuambia: kuna mji upande wa ziwa, timu yao iko ligi kuu na wamechoka, wako tayari kuiachia. Nitaileta Dodoma. Nataka iitwe jina lenu la zamani, ivae jezi zenu za zamani, iwe ya watu. Kitu kimoja kimebaki. Jina na rangi wale mabwana hawakuvichukua, bado viko chini ya wadhamini wa klabu yenu, na shirikisho linataka sahihi yao. Yupo mmoja hai.

Ukumbi ulilipuka. Mimi nilisimama juu ya kiti na magoti haya. Mwanamke mmoja muuza ufuta alikuwa analia anafuta machozi kwa khanga. Kijana mmoja wa chuo ndiye aliyepinga, alisema timu ya ligi kuu ipo tayari mjini, nendeni mkaishangilie hiyo, timu ya pili ya nini. Akaambiwa akae chini, hajui kitu.

Mtunza akasimama, taratibu. Akauliza, "Wale wazee wa kule, wanajua wameuza? Au wanadhani wametupa tuwatunzie?"

Watu wakacheka. Mwekezaji hakucheka, akamjibu vizuri. "Mzee wangu, viongozi wao wamekubali. Mambo ya ndani kwao mimi siyajui."

"Basi nipe wiki moja. Nitakwenda kuwauliza. Wakiniambia wameuza, nitasaini hapahapa, mbele ya hawa."

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma kwamba Mtunza anataka nauli. Akageuka akamwambia nauli anayo, anayotaka ni wiki.

Jioni ile nilimfuata kwake. Nilimwambia asiende. Nilimwambia haya mambo ya mpira ni biashara, sisi tulinyang'anywa, leo ni zamu yetu kuchukua, na kama wale hawakusoma karatasi yao ni shauri lao, hata sisi hatukusoma. Alikuwa anafunga kibegi. Akasema, "Wewe Fundi ungependa kuwa yule askari wa getini?" Mimi nikamjibu neno ambalo hata leo nalionea haya. Nilimwambia amezeeka vibaya. Akanipisha mlangoni nitoke.

Alikwenda, safari ya siku nzima na ushee. Aliyoyakuta nilikuja kuyasikia baadaye. Alipofika hakwenda ofisini. Aliuliza jezi za timu hufuliwa wapi. Wakamwelekeza kwa mama mmoja mtu mzima, ana kamba zimejaa jezi za kijani. Akasubiri amalize, ndipo akamwamkia. Akamwuliza timu inakwenda wapi. Yule mama akasema inakwenda Dodoma kulelewa, wamepata mfadhili huko, mambo yakikaa sawa itarudi. Akamwuliza nani kakwambia itarudi. Yule mama akashangaa swali lenyewe. Akamwambia, "Baba, mtoto akipelekwa kwa shangazi yake si anarudi?"

Siku ya pili yule mama akakusanya wazee wa timu yao. Mtunza akawaomba waichukue karatasi kwa viongozi, wakamtafuta mwalimu wa shule ya hapo, akawasomea kwa Kiswahili. Huyo mwalimu aliposoma pale penye watakaokuja baada yetu, mzee mmoja akainuka akatoka nje. Basi. Wazee hawakusaini, na viongozi waliokwisha kusaini wakaitisha mkutano wa wanachama, kikao kikavunja makubaliano yote.

Mtunza alirudi siku ya saba kama alivyoahidi. Ukumbi umejaa. Akasema, "Nimewauliza. Hawajauza. Sisaini." Akakaa.

Sijawahi kuona mji ukimgeukia mtu namna ile. Mwekezaji alipokea kwa ustaarabu, akasema basi tena, fedha zake akazielekeza kwenye mashine mpya. Lakini watu! Akipita sokoni, wauza mtama wanamwita, "Shikamoo Mzee wa Kuuliza, umeuliza mvua inakuja lini?" Bodaboda wanampita wanamwambia akaulize bei ya petroli. Mmoja alimwandikia kwa mkaa ukutani, TUMEKOSA TIMU KWA AJILI YA HUYU. Mkewe akataka kuifuta. Yeye akasema iache, ni kweli.

Na mimi? Mimi sikumtania. Mimi nilifanya vibaya zaidi, nilinyamaza. Akipita mbele ya meza yangu nainamia kiatu. Miezi tisa. Kile kigoda nikakiingiza ndani, nikasingizia kimevunjika mguu. Niwe mkweli, kwa kuwa nimeshafika hapa: sikuwa na hasira kwamba kakosea. Nilikuwa na hasira kwamba ningekuwa mimi, ningesaini, na sasa kila aliponitazama nilijua anajua.

Habari zake nikawa nazipata kwa wateja. Kwamba Mtunza kaandikisha timu ligi ya wilaya, ile ya chini kabisa, kwa jina letu la zamani. Kwamba wachezaji wake ni mafundi rangi, waendesha bajaji na mhudumu mmoja wa hospitali. Kwamba wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa wazi njia ya Msalato, hauna hata jani moja la nyasi, na magoli ni ya mabomba ya maji. Watu wanacheka. Kwamba wamefungwa. Wamefungwa tena. Wametoka sare. Watu wakapunguza kucheka, maana kumcheka mtu asiyejali kunachosha.

Halafu ikaja siku yenyewe, mwezi uliopita tu. Nilikuwa napiga msumari soli, mteja ananiambia, Fundi, kuna basi kubwa limeingia mjini, lina wachezaji wa ligi kuu, jezi za kijani. Wanakwenda Dar es Salaam kwenye mechi yao ya ligi. Lakini wamesema leo wanasimama Dodoma, watacheza ya kirafiki. Nikamwuliza na nani. Akasema na Mtunza Vifaa.

Nilifunga meza. Nikapanda bajaji mpaka njia ya Msalato. Uwanja ulikuwa umezungukwa na watu kuliko nilivyotegemea, mia tatu, labda zaidi, wengine juu ya malori. Wauza ufuta, makuli, wale wa bodaboda. Mwenye mafuta ya alizeti kasimama na mwavuli wake. Yule mama mfua jezi kasafiri na basi la timu, kakalishwa kwenye kiti cha plastiki kama bibi harusi.

Mpira ulikuwa wa kusikitisha. Wale wa kijani walikuwa wanacheza kwa heshima, unawaona wanajizuia, na bado hatukuushika. Dakika ya nne, bao. Kipa wetu fundi rangi alikuwa anaruka kila mahali isipokuwa ulipo mpira. Mapumziko tukawa tumefungwa manne. Lakini hakuna aliyeondoka. Nikajisikia nashangilia kona. Kona tu, tumepata kona, na mimi sauti imeshanikauka.

Refa alipomaliza ilikuwa saba kwa bila. Nikamwendea. Alikuwa anakusanya jezi zenye vumbi, anazitia gunia, na mgongo sasa umepinda kweli. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri ya kuomba radhi. Nikamwambia tu pole kwa matokeo.

Akanitazama kama sijawahi kukosekana hata siku moja.

"Pole ya nini? Fundi, mwaka mzima watu wananiuliza ligi kuu iko mbali kiasi gani na sina la kuwajibu. Leo nimepima. Ni mabao saba."

"Saba ni mengi, Mtunza."

"Ni mengi. Ila yanahesabika." Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akanisukumia upande mmoja nishike. "Shika vizuri. Mazoezi ni Jumatatu saa kumi, na namba tano hana viatu."